Santuri za Prof Balthazar

Mwezi uliopita, katika ukumbi mmoja wa kukodi kule Ibanda, mjini kwetu kando ya ziwa, tulimaliza matanga ya Maman Adèle. Tulikuwa watu kama hamsini: wanafunzi wa zamani wa mumewe, majirani, wanakwaya, na wale ambao hawakosi palipo na sufuria kubwa. Mumewe, Prof Balthazar, alikwisha kufa miaka mingi kabla yake, kitandani mwake, kwa ugonjwa wa kawaida wa wazee, na hawakuacha mtoto. Baada ya sala na chakula, kijana aliyeshika maikrofoni alikuja na wazo. Alisema mji mzima ulijua jinsi Prof alivyopenda muziki, basi kwa heshima ya nyumba ile, kila aliyewahi kukaa sebuleni kwake asimame ataje albamu anayoipenda kuliko zote za maisha yake. Watu walipiga makofi. Mimi nilitazama sahani yangu.

Walisimama mmoja mmoja, wakataja, wakacheka, wengine wakaimba kidogo. Halafu akasimama Félicien. Ana miaka hamsini na kitu sasa, tumbo limemtangulia, suti ya kijivu, pete mbili, na watu wanamwita Directeur kwa sababu anaongoza shirika linalozunguka vijijini kufundisha mambo ya amani. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili kama padri anavyoshika kikombe. Akasema albamu yake ni ile yenye jalada la kijani, ambayo sisi wa sebuleni tuliiita Kijani tu. Kwamba aliisikia mara ya kwanza kwa Prof, mwaka ule wa vita, na kwamba muziki ule ndio uliomfundisha kuwa mtu. Sauti ikamkatika. Akatoa kitambaa. Mwanamke mmoja wa meza ya mbele akasema, "Pole, Directeur. Pole, papa," na ukumbi ukapiga makofi mengi kuliko yale waliyompigia marehemu.

Mate yalinijaa mdomoni, yale ya chumvi yanayotangulia kutapika. Zamu yangu ikafika. Nikasimama, nikataja santuri moja ya taarabu, nikasema aksanti, nikaketi. Bora, rafiki yangu tangu siku zile, aliniinamia. "Nsimire, iko nini? Sura yako imebadilika." Nikamwambia samaki hawakuiva. Ninaandika haya kwa sababu samaki walikuwa wameiva vizuri.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikipiga mashine ya chapa katika ofisi ya parokia moja. Vita vya kwanza vilikuwa vimepita, tukadhani tumemaliza, kisha vya pili vikaingia. Waasi na wale wanajeshi wa nchi jirani waliowaleta walishika mji, wakajigawia villa za kando ya ziwa, wakaweka ofisi zao, vizuizi vyao na saa yao ya kufunga njia. Walimu hawakulipwa. Ofisi zilibaki na meza tu. Nakumbuka mwaka ule kwa harufu kuliko kwa tarehe: harufu ya buti zenye maji katika ngazi za ofisi, harufu ya makaa mabichi, harufu ya watu waliokaa ndani ya nguo moja kwa siku tatu kwa sababu sabuni ilikuwa imeadimika. Na katikati ya hayo yote kulikuwa na sebule ya Prof, yenye harufu ya nta ya sakafu na vumbi la karatasi, kila Jumapili baada ya misa hadi saa kumi na moja, tulipolazimika kuondoka ili njia isifungwe tukiwa nje.

Ilikuwa sebule ndogo, katika nyumba ya matofali yenye kibaraza kilichopasuka, mtaa wa tatu juu ya ziwa. Viti vinne vya skai, ile ngozi ya bandia, vilivyochanika, ambavyo Maman Adèle alivifunika kwa vitambaa alivyovifuma mwenyewe. Ukuta mmoja mzima ulikuwa rafu ya mbao, na rafu ilikuwa na santuri, zimesimama wima kama vitabu, mgongo wa kila jalada ukiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa kwa mwandiko wa mwalimu wa Kilatini, maana ndicho alichofundisha. Alizinunua tangu ujana wake, moja moja, Kinshasa, Bujumbura, nyingine alipewa na mapadri waliorudi kwao. Chini ya dirisha palikuwa na mashine ya kuzipigia, spika mbili kubwa za mbao, na betri ya gari, kwa sababu umeme ulikuja ulipotaka. Kila Ijumaa Prof aliipeleka betri kuchajiwa, akiisukuma mwenyewe kwenye toroli, na koti lake la shule na tai shingoni.

Tulikuwa watatu. Mimi, Bora, mwanafunzi wa uuguzi aliyeshuka kwa miguu kutoka mtaa wa Cimpunda, akafika na matope hadi magotini na kunawa bombani kabla ya kuingia, na Félicien, aliyekuwa mwanafunzi hodari kuliko wote wa Prof, mwembamba, mwenye macho makubwa na kola safi daima. Tulikuwa na mchezo mmoja, ambao Prof aliuanzisha ili tusizungumze habari za vita. "Nyumba inawaka moto," alikuwa anasema, amesimama mbele ya rafu, mikono nyuma. "Unaweza kubeba diski tano tu. Utabeba gani? Na usiniambie tu iko nzuri. Niambie ulisikia nini ndani." Na Maman Adèle, toka jikoni: "Weye Balthazar, kama nyumba inawaka, utaniacha mi ndani, utabeba madiski!" "Weye uko na miguu, Adèle. Diski haina miguu." Walisema hivyo kila Jumapili, na kila Jumapili tulicheka.

Ukitaja santuri, ilibidi uitetee. Tulizipa majina kutokana na majalada yao, kwa sababu majina ya kweli yalikuwa marefu, mengine kwa lugha tusizozijua. Kofia ilikuwa ya mpiga saksofoni aliyefunika uso kwa kofia. Mama wa Ndizi ilikuwa misa ya kuimbwa kwa ngoma, na picha ya mwanamke mwenye mkungu wa ndizi kichwani. Hiyo Bora aliitetea hadi machozi, akisema katika Kyrie yake, ule wimbo wa Bwana utuhurumie, kuna sauti moja ya chini inayokosea kidogo, na kosa lile ndilo linalomfanya aamini kwamba wale watu walikuwa wanasali kweli. Mimi nilibeba taarabu ya pwani. Nilisema kwamba ninasikia Kiswahili ambacho hakijapigwa mawe, maneno yamekaa kila moja mahali pake kama vikombe kabatini, na kwamba nusu siyaelewi lakini najua ni yangu. Prof aliitikia kwa kichwa polepole, akaandika katika daftari la shule: Nsimire, taarabu, namba moja. Alituandikia kila mtu ukurasa wake, na tulibadilisha orodha zetu wiki kwa wiki, tukagombana, tukafuta, tukarudisha.

Félicien alibeba Kijani. Ilikuwa ya orkesta moja ya zamani ya Kinshasa, na jaladani palikuwa na mwanamke ametugeuzia mgongo, amevaa gauni la kijani mbele ya ukuta wa kijani. Upande wa pili, katika wimbo wa kwanza, waimbaji wananyamaza na gitaa linabaki peke yake kwa muda mrefu sana. Halafu wanaporudi, santuri ya Prof ilikuwa na mkwaruzo: mwimbaji alitaka kusema kwa Kilingala kwamba anarudi, lakini sindano ilikwama, akabaki "nazo-, nazo-, nazo-", mpaka Prof auinue mkono wa mashine kwa kidole kimoja na kuushusha mbele. Félicien alisema: "Prof, pale gitaa inabaki yeye moja, minasikia mutu mwenye alifukuzwa kwa nyumba yake, na iko anatembea tu, hana haraka, sababu hakuna fasi ya kwenda." Ninaikumbuka sentensi hiyo kwa sababu ni kweli. Nimeisikiliza albamu hiyo baadaye maishani, na ni kweli kabisa. Watu husema kwamba mwenye kupenda muziki hawezi kuwa na moyo mbaya. Félicien aliupenda muziki kutuzidi sote, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi.

Tulipomaliza, Maman Adèle alileta chakula. Mwanzoni mwa mwaka kilikuwa bugali, ugali wetu, visamaki vya sambaza vya kukaanga, na sombe ya majani ya muhogo. Kufikia katikati kilikuwa bugali na lengalenga, mchicha wa kwetu, lisilo na mafuta. Baadaye viazi viwili kila mtu, kwa chumvi. Alivileta kwenye sahani zilezile zenye ua la bluu, na kwa adabu ileile, akisema, "Karibu, mukule, musiniachie kazi ya kutupa." Alijua kwamba hakuna kitakachotupwa. Sisi pia tulijua. Tulikula polepole kama watu walioshiba.

Kiangazi kilipoingia, Félicien alipata kazi. Ofisi ya usalama ya wale wakubwa wapya ilihitaji mtu wa kuandika Kifaransa kizuri. Alikuja Jumapili moja na viatu vipya, akatuambia huku akitazama viatu hivyo. Prof alimwuliza, "Utaandika nini?" "Barua, Prof. Ma-laissez-passer, karatasi za kupita njia. Barua tu." Prof akasema, "Barua inatakiwa kuandikwa muzuri hata kama mwenye kuituma ni mubaya," na nadhani alikuwa anamtafutia njia ya kubaki nasi. Maman Adèle alimpa viazi vyake viwili kama sisi. Alikula kimoja, kingine akakiacha sahanini, na ilikuwa mara ya kwanza katika nyumba ile mtu kuacha chakula.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, hakuja. Alituma habari kwamba ana homa. Saa tisa hivi, Bora akiwa katikati ya kutetea, mlango ulipigwa kwa kitako cha bunduki. Waliingia askari sita. Hawakuuliza jina la mtu. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye mashine chini ya dirisha, akachomoa nyaya kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyeagizwa asiiharibu. Wengine walileta magunia, wakaanza kushusha santuri. Prof alisema, "Zisimamishe, tafadhali. Zisimame, zisilale," na askari kijana akamwangalia, kisha kwa kweli akazisimamisha. Mkubwa wao alilikuta daftari. Alifungua, akasoma majina yetu, akasoma na yale mengine.

"Kijani ni nani?"

"Ni diski," Prof alijibu.

"Kofia ni nani? Mama wa Ndizi anakaa wapi?"

"Afande, ni diski. Ni majina ya diski. Tunaorodhesha diski tunazozipenda."

Mkubwa alicheka, akawaita wenzake waje wasikie. Kisha akampiga Prof kofi, si kwa hasira, kama mtu anavyofunga mlango. Alisema huu ni mkutano wa siri na haya ni majina ya siri. Mimi na Bora tuliandikwa anwani zetu, tukafukuzwa. Prof alipandishwa kwenye lori pamoja na spika zake. Maman Adèle alibaki mlangoni na bakuli la lengalenga mkononi, na nilipogeuka nikiwa kwenye kona alikuwa bado amelishika.

Walimtia katika kontena la chuma nyuma ya ofisi yao. Ilijulikana, kila mtu aliyepita njia ile alijua kuna watu ndani, na kila mtu alipita upande wa pili. Kila asubuhi Maman Adèle alipeleka chakula katika bakuli la plastiki, akisubiri karibu na kizuizi. Nilimsindikiza mara nyingi. Mchana jua lilipopiga bati lile, harufu ilitufikia mpaka barabarani, harufu ya mavi na ya kutu, na askari wa kizuizini walikuwa wanakula mahindi ya kuchoma ndani ya harufu hiyo bila kuhama. Walilichukua bakuli. Lilirudi tupu. Hatukujua ni nani aliyekula.

Sasa nafika kwenye Jumamosi ile. Ilikuwa wiki ya pili ya Prof katika kontena. Félicien alinikuta nikitoka parokiani. Akasema amesikia habari ya Prof, imemuumiza sana, na kwamba komanda mwenyewe, mwenye kila kitu mkononi, anafanya sherehe mchana ule katika villa yake. "Kuya, twende na mi. Akisha kunywa kidogo, roho yake inakuwaka nyepesi. Utamuomba weye, mwanamuke anasikilizwaka. Mi nikimuomba, atasema niko upande wa Prof." Nilikwenda nyumbani nikavaa gauni langu la misa. Njiani nilipanga maneno: Afande, ni mwalimu wa Kilatini, ni mzee, ana shinikizo la damu. Nilikuwa nayo yote. Na ninataka iandikwe pia kwamba njiani nilikuwa nawaza nyama. Félicien alikuwa amesema watachinja mbuzi wawili, na miezi mitano ilikuwa imepita bila nyama kunipita mdomoni.

Villa ilikuwa na bustani inayoteremka hadi majini. Ilikuwa ya daktari mmoja aliyekimbia. Picha za watoto wake zilikuwa bado ukutani, na mtu alikuwa amezitoboa macho kwa sigara. Bafu lilikuwa limegeuzwa zizi: niliona vinyesi vya mbuzi ndani ya karo jeupe la kuogea. Komanda alikaa barazani katika kiti cha kuzunguka, peku, miguu juu ya meza, kucha nene za manjano, na kando yake ilikuwa mashine ya Prof. Niliitambua kabla sijaiona vizuri. Santuri zilikuwa zimelazwa sakafuni, nyingine zimetoka majaladani, chupa zimewekwa juu yake. Na kwenye mashine ilikuwa Kijani. Gitaa lilipoanza kwenda peke yake, komanda aliinua mkono na watu wote wakanyamaza. Alifumba macho. Alisikiliza mpaka mwisho, mfupa umesimama mdomoni kama sigara, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayesikia. Kisha ikafika "nazo-, nazo-, nazo-", wageni wakapasuka kwa kicheko, wakaanza kucheza kwa kukwamakwama, na Félicien akakimbia, akauinua mkono wa mashine kwa kidole kimoja, akaushusha mbele.

Nilimvuta pembeni, karibu na ua. "Félicien. Njo weye uliwaambia?"

Hakukana. Alisema haraka, akitazama nyuma yangu. "Sikusema kitu mubaya, Nsimire. Komanda alikuwa anatafuta muziki ya nyumba yake. Nikamuambia tu kuko muzee moja iko na diski mingi. Ni ile tu. Ile maneno ya mukutano wa siri, walitunga bo wenyewe, sababu walitaka kuchukua bila watu kuuliza."

"Na homa yako?"

"Ungefanya nini, weye?"

Hapo nyama ya wageni ikaletwa. Mwanamke aliyegawa alikuwa hana sahani za kutosha, akachukua kilichokuwa karibu. Ndivyo nilivyopewa: vipande vinne vya mbuzi wa kuchoma, chumvi na pilipili, juu ya jalada la kijani. Mafuta yalitiririka, yakatengeneza doa katika mgongo wa yule mwanamke wa gauni. Ningeweza kusema kwamba nilikataa. Hakuna aliye hai, ila mmoja, anayeweza kunisuta. Nilikula. Nilikula vyote vinne, nikilamba vidole, na nilipomaliza nikatazama huku na huku kama kuna vingine, na mwanamke yule akaniongeza.

Komanda aliniona. "Dada, wewe hatujuani. Umeletwa na katibu wangu?" Sauti yake ilikuwa ya upole. "Una shida gani? Sema. Leo nasikiliza watu."

Maneno yote nilikuwa nayo. Mwalimu wa Kilatini, mzee, shinikizo la damu. Félicien alikuwa ananitazama, na nilikuwa na nyama upande mmoja wa shavu. Niliwaza kwamba nikisema, kila kitu kitasimama, muziki utazimwa, wataniuliza mimi ni nani kwa mzee yule, watalitafuta jina langu katika daftari.

"Hakuna shida, afande," nilisema. "Niko muzuri."

Akacheka, akasema nipewe bia. Nikainywa. Kabla ya njia kufungwa, Félicien alinisindikiza mpaka karibu na kwangu, na hakuna kati yetu aliyelitaja jina la Prof.

Walimwachilia baada ya siku kumi na tatu nyingine, bila kesi, kwa sababu walihitaji nafasi ndani ya kontena. Bora alikuja kunichukua, tukakimbia. Alikuwa sebuleni, ameketi, amevaa pajama, rafu tupu nyuma yake, na Maman Adèle alikuwa anampasha miguu kwa maji ya moto. Tukamsalimu. Hakugeuka. Maman Adèle akatugeukia yeye, akagusa masikio yake mwenyewe, akatikisa kichwa. Walikuwa wamempiga kwa kiganja pande zote mbili kwa pamoja, mara nyingi, wakimwuliza Kofia ni nani. Bora, ambaye ni muuguzi, alimpima kwa wiki kadhaa, akampeleka kwa daktari mmoja na mwingine. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia lilibaki na mvumo, alisema, kama wa lori lililosimama bila kuzimwa.

Félicien alikuja Jumapili ya tatu. Alifika na gari la ofisi, akabeba mwenyewe sanduku la kartoni mpaka sebuleni, akaliweka miguuni pa Prof. Ndani palikuwa na santuri kama kumi na mbili. "Nimekuokolea hizi, Prof," alisema, kisha akakumbuka, akaandika kwenye karatasi, akampa. Prof aliisoma. Akainama, akatoa iliyokuwa ya kwanza, na ilikuwa Kijani. Jalada lilikuwa laini kama ngozi, limenywa mafuta, lina tundu la sigara, na kona moja imegugunwa na panya. Prof aliipeleka puani. Sisi sote tuliisikia harufu hiyo, ya mbuzi, ya bia iliyochacha, na ya kitu kingine kama mkojo. Aliirudisha ndani ya sanduku. Akajifuta vidole kwenye suruali, akavitazama, akamwambia mkewe, kwa sauti kubwa ya watu wasiojisikia, "Adèle, niletee maji na sabuni." Alinawa mbele ya Félicien, hadi viwikoni, kwa muda mrefu, akisugua chini ya kucha.

"Peleka," alisema.

"Prof, ni zako," alisema Félicien, na machozi yalikuwa yanamtoka. Aliyatoa kwa wepesi hata siku zile.

"Peleka. Inanuka."

Félicien alimtazama Maman Adèle. Mama yule, ambaye sijawahi kumsikia akimkosea mtu, alisema tu, "Weye ulikulaka hapa," akaenda kumfungulia mlango. Aliondoka na sanduku lake. Nadhani Kijani anayo hadi leo, na labda ndiyo anayoisikiliza akilia.

Nami nilikuwa nimekaa pale pale, katika kiti changu cha skai. Bora alinishika mkono, akidhani nimekasirika. Prof aliposema inanuka, mimi nilidhani anasema na mimi. Wiki nzima sikula vizuri. Nilijinusa vidole ofisini, nikaenda kunawa, nikarudi kupiga mashine, nikajinusa tena. Jumapili iliyofuata nilikwenda mapema, kabla Bora hajafika. Maman Adèle alikuwa jikoni. Prof alikuwa dirishani, mahali ilipokuwa mashine, akilitazama ziwa. Nilichukua karatasi kutoka kwenye rundo alilowekewa kwa ajili ya mazungumzo, nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ofisini: Jumamosi ile ulipokuwa ndani nilikwenda kwa komanda pamoja na Félicien. Nilikwenda kukuombea. Aliniuliza nina shida gani. Nilimwambia sina. Nilikula nyama yake.

Alivaa miwani. Alisoma, akarudi mwanzo, akasoma tena. Nilisubiri anipige, au aombe maji na sabuni. Aliniuliza tu, "Jumamosi gani?"

Nikaandika: Ya pili. Siku kumi na tatu kabla ya kutoka.

Akaangalia dari, midomo ikicheza, akihesabu. Kisha akapata, akaitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya darasani mwanafunzi alipomletea jibu lililokamilisha swali.

"Masikio ilikuwa Jumatatu iliyofuata," alisema.

Hakusema kwa hasira. Alinirudishia karatasi yangu, akavua miwani, akageukia tena ziwa. Nikaikunja karatasi, nikatoka kupitia kibarazani. Nilikuwa nimekwisha kufika barabarani niliposikia Maman Adèle ananiita nirudi, kwamba chakula kiko mezani.